Hongereni, wanakwaya wa mkesha

Usiku wa Desemba 24 wengi wetu huingia kanisani tukiwa hoi: tiketi za basi za kwenda mkoani tumezigombea, na ada za Januari zinabisha hodi. Wanaotupumzisha ni wanakwaya. Wamefanya mazoezi wiki nyingi baada ya kazi, na madaftari yao ya solfa yamechakaa pembeni. Mwalimu hutoa “do” kwa mdomo, besi wanaipokea, soprano wanapanda, na habari ya Mtoto aliyelazwa horini Bethlehemu inatufikia upya. (Spika zipunguzwe, jamani, sauti zao zinatosha.) Mahubiri hutueleza amani, hawa hutuonjesha. Wengi hawalipwi hata senti, na sare hujinunulia. Hongereni sana. Asubuhi ya Krismasi mko tena mstarini.