Aliyekodi si aliyekodisha

Majuzi jirani yangu hapa Kitengela, mzee mfugaji mwenye ardhi upande wa Isinya, aliniletea karatasi mbili: mkataba wa Kiingereza na tafsiri yake ya Kiswahili. Anampa mtu malisho kwa miaka mitatu. "Prof," akaniuliza, "mbona hapa ni kama mimi ndiye nitalipa?"

Nikasoma. Kiingereza hakikuwa na tatizo: mzee ni "lessor", mwenye mali, mwenzake ni "lessee", mlipaji. Tafsiri ndiyo iliyopinduka. Ilisema kwamba mzee "amekodi" ardhi, na kwamba "mkodishaji" atalipa kila Januari. Lakini kwa Kiswahili, mkodishaji ni mzee mwenyewe!

Kosa hili lina chanzo. Kitenzi cha Kiingereza "lease" hutumika pande zote mbili, kwa anayetoa na anayepokea. Kinachowatenganisha ni mwisho wa nomino, -or na -ee. Kiswahili hutenganisha mapema, kwenye kitenzi chenyewe. Kukodi ni kuchukua kwa malipo. Kukodisha ni kutoa kwa malipo. Ndivyo ilivyo pia kwa kukopa na kukopesha, kupanga nyumba na kuipangisha. (Isikusumbue kwamba tunasema kopesha lakini kodisha: kodi huishia kwa i, hivyo hufuata mkondo wa rudi na rudisha.)

Ajabu ni kuwa mambo hugeuka tukifika kwenye kuazima. Hapo Kiingereza ndicho chenye maneno mawili, "borrow" na "lend", nasi tunatosheka na moja. Mwanafunzi anayesema "borrow me your pen" si mzembe. Kichwani mwake kuna "niazime kalamu", sentensi safi kabisa ya Kiswahili. Mwalimu anayemcheka bila kumweleza hivyo hajamfundisha kitu.

Wapo watakaosema, "Aa, si watu wanaelewana tu!" Kweli, kibao cha "nyumba ya kukodi" langoni hakimpotezi yeyote. Mkataba ni kitu kingine. Husomwa siku ambayo waliouandika wamekosana, au hawapo tena. Na hapa Kajiado jambo hili ni zito. Ranchi za pamoja zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 zilianza kugawanywa, hasa kuanzia miaka ya 1980, na familia nyingi sasa zina hati zao binafsi. Zamani kamati ilizungumza kwa niaba ya wengi. Leo mzee mmoja hukaa mezani peke yake na karatasi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tafsiri basi isichukuliwe kama pambo la kumridhisha asiyejua Kiingereza. Kwake yeye, hiyo ndiyo mkataba.

Kwa anayetafsiri, nashauri ajiulize swali moja kabla ya kuandika: pesa zinatoka kwa nani? Anayetoa pesa amekodi. Anayetoa mali amekodisha.

Nilimwambia mzee asitie kidole mpaka karatasi irekebishwe. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Kumbe ni hiyo -sha tu?" Ndiyo, mzee wangu. Ni hiyo -sha tu.