Tarakimu za Kaibab

Kisa cha kulungu wa Kaibab, kule Arizona, kimerudiwa vitabuni hata kikawa kama ngano. (Namwita kulungu kwa kukosa jina lingine, huyu huangusha pembe kila mwaka, wetu haangushi.) Mwaka 1906 Rais Roosevelt alilifanya eneo hilo hifadhi, simba wa milimani na koyote wakauawa kwa wingi, kulungu wakazidi malisho, na miaka ya 1920 wengi wakafa njaa. Aldo Leopold alikitumia kisa hiki kutetea wanyama wawindao.

Njaa ile siipingi, napinga tarakimu. Mwaka 1924 pekee, kuna aliyekadiria kulungu 30,000 na kuna aliyesema 100,000. Vitabu vikachagua kubwa. Graeme Caughley alililalamikia jambo hili mwaka 1970, akakumbusha kwamba ng'ombe na kondoo nao walikuwa wamepunguzwa, malisho yakabaki. Lakini naona alivuka mpaka alipokitilia shaka kisa kizima. Watafiti waliochunguza umri wa miti ya aspeni, wakachapisha mwaka 2006, walikuta iliyoota miaka ile ya kulungu wengi ni michache mno. Miche ililiwa, na ushahidi huo hautegemei makadirio ya mtu yeyote.