Mizani ya Mkulima: Lugha ya Kuwalinganisha Wamaasai na Wabatemi wa Ngorongoro katika Maandishi ya Kiswahili

Ikisiri

Maandishi ya Kiswahili kuhusu Wilaya ya Ngorongoro huwalinganisha mara kwa mara Wamaasai na Wabatemi, maarufu kwa jina la Wasonjo, kwa vigezo vya makazi, ardhi na mali. Makala haya yanahakiki msamiati wa ulinganisho huo. Yanadai kwamba istilahi kama vile kuhamahama, kaya na ardhi isiyotumika zimejengwa juu ya kipimo cha mkulima mwenye shamba la kudumu. Kipimo hicho huwapunja Wamaasai waziwazi, na huwapotosha Wabatemi kwa namna isiyoonekana upesi.

1.0 Utangulizi

Oloipiri ni kata ya Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, na wakazi wake walio wengi ni Wamaasai. Katika Tarafa ya Sale ya wilaya hiyohiyo kuna vijiji vya Wabatemi: Samunge, Digodigo, Sale, Kisangiro na vinginevyo. Kimaasai ni lugha ya Kiniloti; Kitemi ni lugha ya Kibantu ambayo wanaisimu huiweka karibu na Kikuyu na Kikamba. Jamii hizi mbili zimeishi kwa ujirani, biashara na ugomvi kwa muda mrefu, na kila anayeandika kuhusu wilaya hiyo hujikuta akiwalinganisha: nani ana nyumba bora, nani anasomesha watoto, nani ni maskini.

Ulinganisho si kosa. Tatizo huanza pale ambapo lugha ya kulinganisha imekwisha kutoa hukumu kabla ya takwimu kusomwa. Ni jambo la kushangaza kwamba wahakiki wa Kiswahili, ambao wamechambua kwa makini usawiri wa mwanamke na wa mfanyakazi, wamewaachia wachumi na wanaanthropolojia msamiati huu, kana kwamba maneno si kazi yao.

Majina yenyewe yanastahili tahadhari. Neno “Wamaasai” hufunika migawanyiko ambayo wenyewe huiita iloshon. Katika Loliondo pekee wamo Wapurko, Waloita na Walaitayok, na masilahi yao kuhusu ardhi hayajawa mamoja siku zote. “Wasonjo” ni jina lililotoka kwa majirani. Jina la wenyewe, Batemi, huleta kikwazo cha kimofolojia katika Kiswahili: likipewa kiambishi wa- peke yake huwa “Watemi”, na msomaji atadhani wanazungumziwa wale watawala wa Unyamwezi na Usukuma. Ndiyo maana makala haya yanatumia “Wabatemi”, ingawa umbo hilo limebeba viambishi viwili vya wingi.

2.0 Kitenzi kinachorudiwa

Hakuna neno lililoshikamana na Wamaasai katika maandishi ya Kiswahili kuliko kuhamahama. Uradidi wa mzizi wa kitenzi katika Kiswahili una maana kadhaa. Huonyesha tendo linalojirudia, lakini aghalabu huongeza dokezo la kukosa lengo au uzito. Anayesoma yuko kazini. Anayesomasoma anapitisha muda. Anayeuliza anataka jibu, anayeulizauliza anasumbua. Kutangatanga hakuna hata haja ya kuelezwa. Ni kweli kwamba uradidi haushushi hadhi kila mahali, na polepole na sawasawa ni ushahidi wa hilo. Hata hivyo, katika vitenzi vya mwendo dokezo la ovyo ni kubwa mno kupuuzwa. Mfugaji wa kuhamahama, kwa sikio la Mswahili, ni mtu asiyejua aendako.

Hali halisi ni kinyume. Nyumbu wanapozaa katika nyanda za majani mafupi, takriban Januari hadi Machi, mfugaji huondoa ng'ombe wake huko, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe. Kuna malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, nayo hayaguswi wakati wa masika hata yakiwa karibu na nyumbani. Kuna makazi ya muda, ronjo, ambako vijana hukaa na mifugo wakati wazee, wanawake na watoto wadogo wakibaki kwenye boma. Kitenzi sahihi cha mwendo huo kipo tayari katika Kiswahili: kuhamia, chenye kiambishi cha kutendea kinachodai mahali mahususi. Mfugaji wa Oloipiri huhamia mahali fulani kwa majira fulani na kurudi alikotoka. Mkulima anayebadilisha mashamba ili udongo upumzike hufanya jambo la aina hiyohiyo, wala hakuna aliyewahi kumwita mkulima wa kulimalima.

Umuhimu wa hoja hii ulidhihirika mwaka 2022. Mwezi Juni wa mwaka huo Serikali iliweka mipaka kwenye kilomita za mraba 1,500 za Pori Tengefu la Loliondo, eneo lililokuwa na takriban kilomita za mraba 4,000, na sehemu hiyo ikawa Pori la Akiba la Pololeti. Oloipiri ni miongoni mwa vijiji vilivyopoteza malisho. Mwezi huohuo, wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro walianza kupelekwa Msomera, Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Neno lililotumika katika taarifa za Serikali na magazetini lilikuwa kuhama kwa hiari. Mzizi ni uleule, -hama. Mfugaji mwenyewe anapouendesha, hurudiwa na kuwa tatizo la kuondolewa. Dola inapouendesha, huonekana mara moja tu, umepambwa kwa “hiari”, na huwa maendeleo. Haihitajiki nadharia nzito ya uchanganuzi wa usemi kuliona hilo.

Sheria nayo imechangia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, hujumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Wanasheria wameujadili mgongano huo kwa upande wa mamlaka. Kwa upande wa lugha, swali ni nani anayesema kwamba ardhi haitumiki, na anasema mwezi gani. Malisho ya kiangazi yakitazamwa mwezi Aprili ni matupu, na utupu huo ndio matumizi yake.

3.0 Kaya na nyumba ya vyumba vitatu

Kila jedwali la umaskini hujengwa juu ya kaya. Katika sensa na tafiti za nchini, kaya ni kundi la watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kwa Mbatemi wa Samunge fasili hiyo haileti shida kubwa. Kwa Mmaasai inabidi mtafiti achague. Enkang ni boma lote, ambamo familia kadhaa zinaweza kuishi. Olmarei ni familia ya mwanamume mmoja, wake zake na watoto wao. Enkaji ni nyumba ya mke mmoja, aliyoijenga mwenyewe, yenye ng'ombe waliotengewa nyumba hiyo. Maziwa yao yako mikononi mwake, na wanawe ndio watakaowarithi. Ukihesabu olmarei kuwa kaya, unapata mtu mmoja tajiri mwenye ng'ombe wengi. Ukihesabu enkaji, unapata kaya kadhaa zenye ng'ombe wachache kila moja, zinazoongozwa na wanawake. Watu ni walewale na mifugo ni ileile, lakini daraja la umaskini limebadilika kwa tafsiri ya nomino moja.

Msomera ilionyesha gharama ya tafsiri hiyo. Nyumba zilizojengwa huko zina vyumba vitatu. Mwanamume mwenye wake watatu alipoorodheshwa kama mkuu wa kaya moja, mwanamke aliyekuwa na nyumba yake, moto wake na maziwa yake alipungukiwa na vyote hivyo kabla hata ya lori kung'oa nanga. Maandishi mengi ya kusifu au kulaumu Msomera hayaligusi jambo hili, kwa kuwa pande zote mbili huandika kaya na kuendelea na sentensi inayofuata.

Istilahi nyingine ya aina hiyo ni uvunaji wa mifugo, yaani kuuza au kuchinja ng'ombe ili kupunguza idadi. Sitiari hii imetoka shambani. Zao likiiva huvunwa, lisipovunwa huoza. Kwa hiyo asiyevuna ni mzembe. Lakini mtamba aliye hai ndiye mbegu, akiba na mahari kwa wakati mmoja, na mfugaji hutazama zaidi ukame ujao kuliko bei ya leo mnadani. Mfugaji anaweza kuwa na hesabu mbaya, na wapo wenye hesabu mbaya. Ila sitiari ya mavuno huzuia hesabu hiyo isijadiliwe.

4.0 Ekari bila maji

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mizani ya mkulima humpendelea Mbatemi, naye ni mkulima. Sivyo ilivyo. Utafiti wa Robert Gray uliochapishwa mwaka 1963 ulionyesha kwamba uti wa mgongo wa jamii ya Wabatemi ni maji ya chemchemi yanayoelekezwa mashambani kwa mifereji. Maji hayo yalikuwa chini ya baraza la wazee wa kurithi, wenamiji, ambao haki yao ya zamu ilitangulia; baada yao walikuja wachache waliopata zamu kwa malipo, kisha wengi waliolazimika kuomba. Katika jamii ya namna hiyo, ekari mbili za mwenye zamu si sawa na ekari mbili za asiye nayo. Mtafiti anayeuliza “una ekari ngapi?” amemuuliza Mbatemi swali la mkulima wa mvua, na jedwali lake litaonyesha usawa mahali ambapo pana tabaka. Pia halitaonyesha mbuzi na mizinga ya nyuki.

Hapa ndipo ulinganisho wa kweli ungeweza kuanza. Wabatemi hugawana zamu za maji; Wamaasai hugawana zamu za malisho. Katika jamii zote mbili mali kubwa zaidi haina hati ya mtu mmoja, husimamiwa na wazee, na thamani yake hutegemea muda kuliko eneo. Maandishi yanayowaweka hawa upande wa utulivu na wale upande wa mwendo hayana nafasi ya kuuona ufanano huo.

Kwa jambo la jina, Wabatemi wamepunjwa zaidi. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walimiminika kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Magazeti yalimwita Babu wa Loliondo, na ndivyo alivyoitwa hata alipofariki Julai 2021. Kikombe kilinywewa Samunge, kijiji cha Wabatemi, nje ya Tarafa ya Loliondo. Nchi nzima ilikwenda kwa Wabatemi na ikarudi bila kulijua jina lao.

5.0 Ng'ambo ya lango

Ulinganisho mwingine unaopendwa ni wa Karatu na Ngorongoro: Wairaki wenye mahindi, ngano na matrekta, na vitunguu vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, dhidi ya Wamaasai wa Hifadhini wanaonunua nafaka. Huhitimishwa kwa kutaja bidii ya mmoja na mila za mwingine. Nadra hutajwa kwamba kilimo kilipigwa marufuku Hifadhini mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, na kikakatazwa tena 2009. Ulinganisho usioitaja marufuku hiyo huigeuza sheria kuwa tabia ya watu.

6.0 Fasihi na pengo la Imparnati

Fasihi ya Kiswahili ingeweza kuwa mahali pa kusahihisha mizani hii, lakini nayo imeelemea upande wa jembe. Sera ya vijiji ilizaa riwaya muhimu, zikiwamo Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi (1979) na Njozi Iliyopotea ya C. G. Mung'ong'o (1980), na ulimwengu wa riwaya hizo ni wa wakulima. Ubora wao haupungui kwa sababu hiyo. Umaasaini, hata hivyo, sera hiyohiyo ilitekelezwa katikati ya miaka ya 1970 kwa jina la Operesheni Imparnati. Imparnati ni neno la Kimaasai la makazi ya kudumu. Dola iliazima lugha ya wafugaji ili kuwaambia watulie, na kejeli nzito kama hiyo, ambayo mtunzi yeyote angeipata bure, haijapata nafasi katika riwaya zinazofundishwa vyuoni.

Kazi ya wanaleksikografia ni nyepesi zaidi na inaweza kuanza sasa. Ronjo hutumika katika Kiswahili kinachozungumzwa Wasso, Loliondo na Oloipiri, na haliwezi kubadilishwa na “kambi” wala “boma” bila kupoteza maana ya makazi ya majira yenye mwenyewe na njia ya kurudia. Linaweza kuingia ngeli ya LI-YA bila taabu. Wenamiji nao wanahitaji kidahizo chao, kwa kuwa “wazee wa mila” halisemi lolote kuhusu maji. Boma, ambalo kamusi tayari inalo, linahitaji maana nyingine itakayolitenga boma la mkuu wa wilaya na enkang, kisha ndani ya enkang iitambue nyumba ya mke kama kitu kinachohesabika.