Kilichoungua na Kilichounguza

Redio kubwa ya miaka ya 1970, Sansui au Pioneer, ikitoka kwa fundi inaimba, wengi wetu hulipa, tukabeba na kuondoka. Hapo ndipo tunapoliwa. Kuimba kunaonyesha tu kwamba umeme umepata pa kupita. Hakusemi kama umepita barabarani au umepenyezwa uchochoroni.

Kwenye vibanda vya mafundi, kuanzia Maili Moja pale Kibaha hadi Kisarawe mjini, mimi nawapima kwa swali moja: huyu anabadilisha kilichoungua, au anatafuta kilichounguza?

Anavyoanza

Fundi wa kweli hakimbilii plagi. Kwanza anakuhoji: ilizimika ghafla au ilianza kukoroma? Kisha anafungua kifuniko, ananusa, anapuliza vumbi, anamtoa mjusi aliyekaukia juu ya transfoma. Ndipo anatazama fyuzi. Akikuta imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, atatikisa kichwa: aliyemtangulia alikuwa mganga njaa.

Tazama sasa anavyowasha. Umeme anaupitisha kwanza kwenye balbu ya kizamani, ile ya waya, wati 60 au 100. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita kubwa zimejaa na safari inaendelea. Iking'ang'ania kuwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imebeba mzigo ambao ungemaliza transista. Asiye na balbu hiyo anafanyia majaribio mali yako.

Ndani ya mashine

Mngurumo mnene ambao haupungui hata volyumu ikishushwa mpaka mwisho, mara nyingi unatoka kwenye kapasita za kuchuja umeme. Zilizochoka huvimba kichwa au kuvuja, ingawa nyingine hufa zikiwa na sura nzima, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti sawa au zaidi, kamwe si pungufu. Kwa joto letu la Pwani, chagua iliyoandikwa nyuzi 105, uiache ya 85.

Kwenye transista za kutoa sauti ndipo mbivu na mbichi hujulikana. Fundi mchanga anatoa iliyokufa, anapachika nyingine, na jioni hiyohiyo nayo inaungua. Mzoefu anapima pacha wake, anapima zile ndogo zinazozisukuma, anapima rezista za jirani. Anahakikisha kipande cha mika kinachoitenga transista na bati la kupozea hakijatoboka, na grisi nyeupe imepakwa upya. Feki zimejaa sokoni. Ndiyo maana fundi makini hatupi mashine zilizokufa, anazichinja apate vipuri halisi.

Mwisho geuza ubao utazame risasi. Iliyoshika vizuri inang'aa na imetambaa kuuzunguka mguu wa kifaa. Iliyokaa kama kidonge, ya kijivu na yenye ufa, itakurudisha kibandani.

Kabla ya kuunga spika

Mwombe achomoe spika, ashushe volyumu, aweke mita kwenye matundu ya spika upande wa umeme wa betri. Milivolti 10 au 20 hazina neno. Zikivuka 100, kazi haijaisha. Ukiona volti kadhaa, ukiunga spika utaunguza koili yake. Kipimo hiki hakichukui dakika mbili. Anayekasirika ukimwomba, mwache na hasira zake.

Mtumba wa Japani

Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, wakati ukutani kwetu kuna 230. Fundi mwenye heshima hachokonoi transfoma yake. Atakushauri ununue ya kushushia umeme, ikae nje, yenye wati nyingi kuliko mashine inazokula. Na FM yao ya zamani iliishia megahezi 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata. Anayekuambia hayo kabla hujatoa pesa, mshike.

Swali la mlangoni

Amplifaya yangu iliungua mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Fundi wa kwanza alibadilisha transista mara zote mbili hizo. Ilipoungua tena, wa pili, wa Kisarawe, alinikabidhi vifaa vilivyokufa ndani ya kipande cha gazeti, halafu akakataa kunipa mashine. "Mzee, kaniletee kwanza nyaya za spika," akasema.

Nikarudi nyumbani kuzichomoa. Nyuma ya kabati, panya walikuwa wametafuna plastiki, na shaba ya waya mmoja imelalia ya mwenzake. Kilichounguza nilikuwa nacho sebuleni muda wote.