Feri na Fer-ry: Juu ya Kukata Maneno ya Kiingereza

Feri ni mahali panapojulikana na kila mtu wa Mombasa: ndipo wavukao kutoka Likoni wanapoteremka kisiwani. Jina lenyewe asili yake ni Kiingereza. Mwingereza huandika "ferry" kwa r mbili, na kamusi hulikata "fer-ry". Sisi twasema "fe-ri", tukatosheka na r moja. Wako wanaoyacheka matamshi yetu. Nakuomba, msomaji, usiwe miongoni mwao; maana hapa pana sheria mbili, kila lugha na yake.

Silabi ya Kiswahili, kwa kawaida, humalizikia kwa irabu: ba-ha-ri, ki-si-wa, ma-shu-a. Silabi ya Kiingereza yaweza kufungwa kwa konsonanti, na mara nyingi kufungwa huko hufupisha irabu. Tazama "ru-by", yaani yakuti, na "rub-ber", yaani mpira. Anayekata "ru-ber" kwa desturi ya Kiswahili ataandika b moja, na neno litaharibika.

Kwa hiyo wengi tulifundishwa kanuni hii: konsonanti mbili zikikutana, kata katikati, ikiwa ni moja, ipeleke kwenye silabi ifuatayo. Kwa maneno hayo mawili kanuni ni njema. Walakini ijaribu kwa "lemon" na "demon". Umbo lao ni moja, na kila moja lina m moja katikati. Lakini kamusi hukata "lem-on" na "de-mon", kwa sababu e ya kwanza ni fupi, na ya pili ni ndefu. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliifuata kanuni, nikasoma "lemon" kama "demon" mbele ya darasa zima. Kicheko chao nakikumbuka hata leo. Kosa la kanuni ni hili: yamtaka mwanafunzi akate neno ili ajue kulitamka, hali yampasa alisikie kwanza ndipo ajue kulikata.

Mwalimu Noah Webster wa Marekani aliliona jambo hili katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783. Waliomtangulia walikata "ha-bit" na "clu-ster". Yeye akafuata sauti, akakata "hab-it" na "clus-ter". Hata sasa wenye lugha hawajapatana: Waingereza wamezoea "know-ledge", Wamarekani "knowl-edge". Ikiwa wao wahitilafiana, sisi tuna aibu gani ya kujifunza polepole?

Tena mwanafunzi wa pwani hakuja mikono mitupu. Aliyezoea kuhesabu mizani za shairi, nane kwa nane, kama katika tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, ajua ya kuwa "mtu" ni mizani mbili, m-tu, ijapokuwa m haina irabu yake. Sikio hilo hilo litamwambia kwamba "rhythm" ina silabi mbili, na ya pili yasimama kwa m peke yake. Hana haja ya kuiongezea u.

Basi ukikutana na neno geni, lisikie kwa mwalimu wako, au tazama alama za matamshi katika kamusi. Hesabu silabi zake kwa vidole, kisha ndipo ulikate na kuliandika. Katika somo la Kiingereza sema "fer-ry". Jioni, ukirudi nyumbani, sema "fe-ri" bila haya. Pote pawili umesema sawa.