Juu ya Hadithi ya Zimwi na Msichana Aliyetiwa Ngomani

Hadithi za kutisha si chache katika nchi yetu, na waalimu wengi huzitumia shuleni. Lakini mtu akizikusanya pamoja na kuzitazama kwa makini, ataona kwamba katika nyingi anayepatwa na msiba ni mwanamke: msichana aliye peke yake, au mwari, au mke aliyeolewa mbali na kwao. Twataka kuitazama mojawapo, ile ya zimwi na ngoma, jinsi isomwavyo na jinsi ipasavyo kusomwa, hasa katika pwani hii ya kusini, tangu Somanga mpaka Kilwa na Lindi, ambako mambo yaliyofanana nayo yalitokea kweli.

Hadithi yenyewe ni fupi. Wasichana walishuka ufukoni kuokota simbi, kama wanawake wa pwani wanavyoshuka hata leo maji yakipwa. Mmoja alipata simbi nzuri kupita zote, akaiweka juu ya mwamba ili asiipoteze, kisha akaisahau. Walipokuwa njiani kurudi alikumbuka, akawasihi wenzake wamfuate, wakakataa. Akarudi peke yake huku akiimba ili ajipe moyo. Juu ya mwamba alilikuta zimwi limeketi. Likampenda kwa sauti yake, likamtia ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini: likipiga ngoma, msichana huimba, na watu hucheza na kulipa zimwi chakula. Mwisho likafika kijijini kwao, wazazi wakaitambua sauti. Wakalikirimu zimwi hata likalala, wakamtoa mtoto wao, wakatia ngomani nyoka na nyuki na siafu. Bibi Alice Werner aliitia hadithi hii katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu. Wazulu na Wabasuto wana hadithi za jamaa moja nayo, nyingine zikitaja mfuko badala ya ngoma. Basi asili yake ni ya zamani, wala hatuwezi kusema ilizaliwa Kilwa.

Sasa tutazame jinsi itumiwavyo. Mara nyingi mwalimu akiisha kuisimulia huifunga kwa methali, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” na watoto huandika daftarini kwamba hadithi yafundisha utii. Twaona neno hilo halimo. Msichana huyu hakukatazwa na mtu, wala hakuasi amri yoyote. Alirudi kuchukua kitu chake kizuri, na kabla ya kurudi aliomba msaada, akanyimwa. Kama kuna wa kulaumiwa, kwanza ni wale wenzake waliokwenda zao. Methali hiyo yafaa zaidi hadithi nyingine, ile ya msichana aliyekataa wachumba wote akaolewa na mgeni mzuri wa sura, naye kumbe ni mnyama mkali, mpaka akaokolewa na ndugu yake mdogo aliyedharauliwa. Walakini hata huko hofu yenyewe si juu ya kiburi tu. Ni hofu ya kila bibi arusi apelekwaye mbali, kwa mtu ambaye ukoo wake haujulikani, mahali ambapo akilia hapana wa kwao wa kumsikia.

Tena iko sehemu moja ya hadithi ambayo wasomaji huipita upesi, nasi twaiona kuwa ndiyo yenye kutisha kuliko zote. Zimwi kula watu ni desturi yake; hilo halishangazi. Lakini vile vijiji vya katikati, kabla ya kufika kwao msichana, watu wake si mazimwi. Walisikia sauti ya mtoto ikitoka ndani ya ngoma, wakaisifu kuwa ni tamu, wakacheza, wakalipa. Hakuna aliyeuliza ni nani aimbaye. Msimulizi hawalaumu hata kwa neno moja, na kunyamaza kwake kwatosha kumfanya msikilizaji ajiulize yeye angecheza au angeuliza.

Katika pwani hii jambo hilo lilikuwa la kweli. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa waliotoka nchi ya Wayao na kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wao baharini, misafara iligeukia nchi kavu, ikafuata njia ya pwani kutoka Kilwa kwenda Rufiji, upande huo huo ilipo Somanga, mpaka Sultani alipoipiga marufuku mwaka 1876. Wenye vijiji vya njiani waliiona ikipita, na wako waliowauzia chakula wenye misafara.

Mmoja wa wasichana waliopita Kilwa kabla ya mkataba huo twamjua kwa jina: Swema, mtoto wa Kiyao. Mama yake alikopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Mdai akamchukua mtoto, naye akauzwa kwa msafara. Mama akaufuata msafara kwa hiari yake ili asiachane naye, akaishiwa nguvu, akaachwa njiani afe. Swema alivushwa kwa jahazi kutoka Kilwa hadi Unguja, na kwa kuwa alionekana kama maiti alifukiwa angali hai. Kijana mmoja, mwenyeji wa kisiwa cha Réunion, alisikia mguno ukitoka ardhini, akamfukua, akampeleka misheni. Katika hadithi ya zimwi sauti hutambuliwa na wazazi; hapa mama alikuwa amekwisha kufa, na aliyeuliza ni nani huyu aliaye alikuwa mgeni. Wala zimwi la Swema halikuwa na pembe: lilikuwa deni la nafaka, na jirani aliyejua hesabu.

Habari hizi zilitoka kwa Padre Horner, zikachapishwa Paris mwaka 1870 katika kitabu cha Monsinyori Gaume. Twakishukuru kitabu hicho, maana bila yeye na Padre Horner tusingelijua jina la Swema. Walakini yatupasa kusema kwamba hapo pia sauti ya msichana yatufikia ikiwa ndani ya chombo cha mwingine: imegeuzwa Kifaransa, imepangwa ili iwavute wafadhili wa Ulaya. Kadhalika Karl Weule, aliyezunguka nchi ya nyuma ya Lindi mwaka 1906, aliandika juu ya unyago akiwa mwanamume na mgeni. Na mwalimu anayeifunga hadithi ya zimwi kwa methali ya utii afanya vivyo hivyo, ingawa nia yake ni njema: aipiga ngoma apendavyo, na sauti iliyo ndani yalazimika kumfuata.

Basi twawaomba mapadre na waalimu jambo dogo. Mtakapoiandika hadithi hii, msiichukue kwa wazee wanaume peke yao; waulizeni bibi na mama wanaoisimulia wajukuu wao usiku. Andikeni kama walivyosema, na hofu yake yote, pamoja na wale wenzake walioondoka na wale waliocheza. Methali iacheni. Watoto wakiuliza kwa nini watu wa vijiji vile hawakuifungua ngoma, wapeni nafasi wajibu wenyewe.