Mkono Unaoizuia Programu

Programu za kugeuza maandishi kuwa nukta nundu, yaani breli, zilibuniwa ili zifupishe. Breli ya Kiingereza ya daraja la pili imejaa vifupisho, na kampuni ya Duxbury, iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1975, ilijijengea jina kwa programu inayovijua vyote na kuvipanga bila kuulizwa. Ukiipa riwaya, kazi kubwa inamalizika kwa kubonyeza vitufe viwili. Ukiipa kitabu cha kufundisha lugha ya kompyuta ya Python, hapo ndipo fundi anapoonekana, kwa kuwa sasa ujuzi ni kuiambia programu wapi isifanye kile inachokifanya vizuri kuliko vyote.

Chukua mstari mfupi: for mtu in orodha. Programu ikiudhania kuwa Kiingereza cha kawaida, neno la kwanza linakuwa seli moja, yaani nafasi ya alama moja, yenye nukta zote sita, na la tatu linabaki nukta ya 3 na ya 5 tu. Msomaji wa hadithi hupita hapo bila kusita. Lakini Mmarekani aliyejifunza kompyuta kwa msimbo maalumu wa mwaka 1987 anaijua seli hiyo iliyojaa kuwa ni alama ya sawasawa. Amri ya kurudia imegeuka hesabu.

Mzizi wa tabu ni uchache wa alama. Nukta sita hutoa maumbo 63, ukiacha seli tupu, ilhali kibodi ya kawaida inabeba herufi na alama 95. Msimbo wa 1987 ulijenga ua: alama ya kufungulia, alama ya kufungia, na ndani yake kila seli ikapewa maana nyingine. Breli ya Kiingereza iliyounganishwa, iliyoanza kutumika rasmi Marekani tarehe 4 Januari 2016, siku ya kuzaliwa ya Louis Braille mwenyewe, iliuondoa ua huo. Alama sasa ina maana ileile popote, iwe kwenye shairi au kwenye programu. Gharama yake ni urefu. Jina la faili wanafunzi_2b.py lina herufi na alama 15 kwenye maandishi ya kawaida. Kwenye breli linachukua seli 18. Kistari cha chini kinataka seli mbili, tarakimu inatanguliwa na alama ya namba, na ile b inahitaji nukta ya 5 na ya 6 mbele yake, la sivyo kidole kitasoma 22, maana herufi a hadi j ndizo hizohizo tarakimu. Mimi naona biashara hiyo ina faida, ingawa wapo wakongwe wanaoulilia ua wa zamani, na si bila sababu: ulikuwa unabana nafasi.

Kwenye Duxbury, fundi huyo, mnakili wa breli, haanzi kwa kugeuza. Hupita kwanza kwenye maandishi akichagua kila kipande cha programu na kukivalisha mtindo wake, ili ndani yake maneno yaandikwe herufi kwa herufi na mistari ibaki kama ilivyo. Kisha hufunua misimbo iliyofichika kwa Alt na F3, ahakikishe mtindo umeanza pale hasa programu inapoanza na haukumwagikia kwenye sentensi ya maelezo inayofuata. Macho ya haraka hayaoni tofauti hiyo.

Yapo mambo madogo kuliko hayo, na ndiyo yanayonifanya niiheshimu kazi hii. Mwandishi wa kitabu alitumia programu ya ofisini, nayo kwa hisani yake ikazipinda alama za kunukuu zote. Kwenye breli, alama iliyopinda ya kufungulia ni nukta 2, 3 na 6. Ile iliyonyooka, ambayo Python inaielewa, ni seli mbili tofauti kabisa. Au vistari viwili vya amri vimeunganishwa kuwa kistari kirefu kimoja. Mwenye macho huona ni urembo tu wa maandishi na kusamehe. Asomaye kwa vidole ataandika alichokigusa, na kompyuta itamkatalia. Kwa hiyo mnakili huyarudisha yote kabla ya kubonyeza Ctrl na T ili programu igeuze.

Halafu kuna upana. Ukurasa wa breli uliozoeleka una seli 40 kwa mistari 25, wakati waandishi wa Python hujiwekea kikomo cha herufi 79. Mstari utavunjika tu. Swali ni wapi. Nukta ya 5 peke yake mwishoni inasema: mstari unaendelea, hapakuwa na nafasi hapa. Nukta ya 5 mara mbili inasema: nafasi ilikuwepo. Programu inaweza kuukata mstari mahali popote unapojaa. Mtu huukata baada ya mkato au kabla ya mabano, mahali ambapo hata mwandishi wa programu mwenyewe angepumua. Na kwa kuwa Python husoma maana kwenye nafasi za mwanzo wa mstari, zile nne za kawaida anaweza kuzifanya mbili ili kuokoa upana, mradi aandike maelezo ya mnakili mwanzoni kumjulisha msomaji.

Liblouis, maktaba huria ya programu za breli iliyoanzishwa na John Boyer, Mmarekani asiyeona wala kusikia, huweka kanuni zake za kugeuza kwenye majedwali ya maandishi ya kawaida ambayo yeyote anaweza kuyafungua na kuyarekebisha. Kiswahili cha Kenya nacho kina majedwali yake humo. Hata hivyo, jedwali halijui kwamba neno print lililo katikati ya aya ni amri, wala kwamba kwenye aya inayofuata ni kitenzi cha Kiingereza tu. Hilo huamuliwa na aliyeisoma aya.

Uamuzi wa mwisho ni wa karatasi. Kipande kifupi cha programu kikiangukia mistari mitatu ya chini ya ukurasa, fundi hukisukuma chote hadi ukurasa unaofuata na kuiacha mistari hiyo mitupu, japo karatasi nzito ya breli ni ghali, ili mkono wa kushoto uweze kubaki juu ya amri ya kwanza wakati wa kulia ukiifuata programu hadi mwisho wake.